Matibabu ya Askari Walioumizwa Akili na Vita



Kurasa zilizotangulia zimeeleza mapato na matumizi ya Chama, pamoja na habari za wagonjwa na wafiwa waliosaidiwa. Katika kurasa hizi twaomba ruhusa yenu kutoa habari za kale, wala si kwa ajili ya kupitisha wakati tu. Mwanachama akivunjika mguu, au akilazwa kwa homa ya mapafu, mfuko wa Chama hufunguliwa pasipo mabishano. Lakini akiwa ni kijana aliyerudi kutoka jeshini, mwili wake mzima, naye halali usiku, hukasirika bila sababu, au hukaa kimya tangu asubuhi hata jioni, hapo watu huanza kuulizana kama huo ni ugonjwa kweli, au ni uvivu, au ni pombe, au amerogwa. Swali hilo si jipya. Mataifa yenye madaktari wengi yaliulizana swali lilo hilo zaidi ya miaka mia iliyopita, nayo yalijibu vibaya kabla ya kujibu vizuri, na gharama ya jibu baya ililipwa kwa maisha ya watu. Yafaa tuzijue habari hizo, ili nasi tusije tukalirudia kosa lao.

MWANZO WA JINA LA UGONJWA

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka wa 1914, wengi walidhani itakwisha upesi. Badala yake majeshi yalichimba mahandaki katika nchi za Ufaransa na Ubelgiji, wakakaa humo miaka, katika tope na baridi, huku makombora ya mizinga yakiwaangukia mchana na usiku. Haukupita muda mrefu madaktari wakaanza kupokea askari wa namna ambayo hawakuizoea. Mmoja amekuwa bubu, na ulimi wake mzima. Mwingine haoni, na macho yake hayana dosari. Mwingine hutetemeka mwili mzima, au miguu imepooza, wala hakuna risasi iliyompata. Mwezi wa Februari 1915 daktari Mwingereza aitwaye Charles Myers aliandika katika gazeti la madaktari liitwalo Lancet habari za askari watatu wa namna hiyo, na kwa maandishi yake likaenea jina ambalo kwa lugha yetu twaweza kulisema mshtuko wa makombora.

Hapo kwanza wengi walifikiri kwamba kishindo cha kombora hutikisa ubongo ndani ya fuvu. Walakini ilionekana kwamba wengine waliougua hawakuwa karibu na kombora lolote lililopasuka. Myers mwenyewe alikuja kuliona jina lile kuwa halifai. Chanzo kilikuwa hofu na huzuni ambazo mtu amezibeba siku nyingi bila nafasi ya kuzitua: ameona rafiki zake wakifa, ameamriwa akae palepale, naye hawezi kukimbia wala kulia. Mwili ukasema kile ambacho kinywa kilikatazwa kusema. Hadi vita kwisha, katika jeshi la Uingereza peke yake walihesabiwa wagonjwa wa namna hiyo wapatao 80,000.

ADHABU BADALA YA DAWA

Si wote waliofikishwa hospitali, na baadhi ya waliofikishwa walirudishwa vitani kabla ya kupona. Mfano unaojulikana sana ni wa askari Harry Farr. Huyu alikuwa askari tangu kabla ya vita. Mwaka wa 1915 alilazwa hospitalini nchini Ufaransa kwa muda wa miezi mitano, mikono yake ikitetemeka hata nesi akawa anamwandikia barua za kumpelekea mkewe. Kisha akarudishwa kwenye kikosi. Mwezi wa Septemba 1916 alisema hawezi tena kwenda mstari wa mbele. Alishtakiwa kwa uoga, pasipo mtu wa kumtetea, na kesi yake ikasikizwa kwa muda mfupi sana. Alfajiri moja ya mwezi wa Oktoba 1916 alipigwa risasi na askari wa jeshi lake mwenyewe, akiwa na umri wa miaka 25. Mjane wake akabaki na mtoto mdogo, na aibu ikaingia nyumbani pamoja na umaskini.

Jamaa za watu kama huyu waliomba haki kwa miaka mingi. Mwaka wa 2006 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria iliyowasamehe askari 306 waliouawa kwa makosa ya uoga, kutoroka na mengineyo katika vita ile. Msamaha huo ulikuja miaka 90 baada ya Farr kufa. Hapo wazee wataelewa kwa nini twasema kwamba swali la kama ugonjwa huu ni ugonjwa kweli si swali dogo.

HOSPITALI YA CRAIGLOCKHART

Mwezi huohuo wa Oktoba 1916 ambao Farr aliuawa, ilifunguliwa hospitali ya maofisa mahali paitwapo Craiglockhart, karibu na mji wa Edinburgh huko Uskoti. Jengo lenyewe lilijengwa mwaka wa 1880 kuwa hoteli ya watu waliotafuta afya kwa kuoga na kunywa maji. Kabla ya kufungwa mwaka wa 1919 hospitali hiyo ilipokea maofisa zaidi ya 1,700. Mchana mtu angeweza kufikiri kwamba ni nyumba ya wageni: waungwana hucheza gofu na tenisi, huimba na kupiga muziki. Usiku ukifika mambo hugeuka. Waliolala waliota vita, na wengine waliogopa kulala kwa sababu walijua watakachokiona.

Mmoja wa madaktari wa pale alikuwa W. H. R. Rivers. Yafaa wazee wamjue mtu huyu, maana elimu yake ilipita vitabu. Mwaka wa 1898 alisafiri mpaka visiwa vya Torres, kati ya Australia na New Guinea, akakaa na wenyeji na kuwauliza wazee nasaba zao, nani alimzaa nani, na nani ni mjomba wa nani. Baadaye alikwenda kusini mwa India kuishi na watu waitwao Watoda. Basi alikuwa amezoea kuketi, kuuliza kwa adabu, na kungoja jibu. Tabia hiyo aliichukua hospitalini.

Wakati huo shauri la kawaida lililotolewa kwa mgonjwa lilikuwa hili: sahau, usiyafikiri, jipe moyo. Jamaa walisema hivyo, na madaktari wengi walisema hivyo pia. Rivers aliona kwamba shauri hilo ndilo lililowadhuru wengi. Mtu ashindaye mchana kutwa akisukuma fikira mbaya hushindwa usiku, kwa kuwa aliyelala hana mlinzi. Mwezi wa Desemba 1917 aliwaeleza madaktari wenzake jambo hilo, na maneno yake yakachapishwa katika Lancet mwezi wa Februari 1918.

Katika hotuba hiyo alitoa habari za ofisa mmoja aliyekwenda kumtafuta rafiki yake, akamkuta amepasuliwa na kombora, viungo vimetengana na kiwiliwili. Tangu siku ile rafiki alimjia kila usiku katika ndoto, wakati mwingine kama maiti iliyokatika, wakati mwingine kama mkoma, naye huamka akitokwa na jasho. Aliambiwa asifikiri habari hizo. Rivers alimwambia kinyume chake: zifikiri, lakini zitazame zote. Akamwonyesha kwamba hali ya mwili ule ilikuwa ushahidi kuwa rafiki yake alikufa mara moja, pasipo kuonja maumivu. Yule ofisa akauona upande ambao hakuwahi kuutazama. Usiku kadhaa ukapita bila ndoto. Kisha akaota tena kwamba amekwenda uwanjani kumtafuta rafiki yake, akapiga magoti karibu naye, akaanza kumvua vitu vya thamani ili awapelekee ndugu zake, kama alivyofanya siku yenyewe. Akaamka analia polepole. Hofu ilikuwa imeondoka, na iliyobaki ilikuwa huzuni ya kufiwa.

Wazee wetu hawahitaji kufundishwa maana ya habari hiyo. Mila zetu zajua kwamba aliyefiwa lazima apewe nafasi ya kulia, na watu wakae naye. Ofisa yule alikuwa hajapata matanga, na daktari alimpa nafasi ya kuomboleza.

Hata hivyo Rivers hakudai kwamba maneno huponya wote. Katika hotuba ileile alieleza habari za ofisa mwingine, aliyepatwa na jambo la kuchukiza kupita kiasi katikati ya maiti, ambalo hakuweza kumpatia upande wowote wa faraja. Huyo Rivers alimshauri aache jeshi na kukaa shamba, mahali alipokuwa amepata nafuu hapo awali. Huo nao ni utabibu: kujua ni wakati gani wa kuzungumza, na ni wakati gani wa kumwondoa mtu mahali panapomwumiza.

Daktari mwingine wa pale, Arthur Brock, alitumia kazi kama dawa. Alisema kwamba vita imemtenga mtu na watu na nchi yake, basi lazima arudishwe kidogo kidogo kwa mikono yake mwenyewe. Miongoni mwa wagonjwa wake alikuwa Wilfred Owen, ambaye baadaye alijulikana kwa mashairi yake ya vita. Mwaka wa 1917 Owen alipewa kazi ya kuhariri gazeti la hospitali, The Hydra, na kufundisha watoto katika shule moja ya Edinburgh. Hapo hospitalini alikutana na mshairi Siegfried Sassoon, aliyeletwa mwezi wa Julai 1917 baada ya kutangaza waziwazi kwamba vita inaendelezwa bila sababu ya haki.

Walakini hapana budi kusema jambo moja lenye uchungu. Hospitali ile ilikuwa ya jeshi, na jeshi lilitaka watu wake. Aliyepona alirudishwa kulekule kulikomwuguza. Sassoon alirudi, akajeruhiwa kichwani mwaka wa 1918, akaishi. Owen alirudi, akauawa tarehe 4 Novemba 1918, wiki moja tu kabla ya vita kwisha. Rivers mwenyewe alisumbuliwa na jambo hilo, kwa maana wajibu wake kwa mgonjwa na wajibu wake kwa serikali havikuwa njia moja.

MAOFISA NA ASKARI WA KAWAIDA

Mambo tuliyoyasimulia yalikuwa ya maofisa. Askari wa kawaida hawakupewa vyumba vya Craiglockhart. Katika hospitali moja ya London iliyoko Queen Square, daktari Lewis Yealland alitumia umeme. Katika kitabu chake cha mwaka wa 1918 alieleza mwenyewe jinsi alivyomfungia katika chumba chenye giza askari wa miaka 24, aliyepigana vita vingi na kuwa bubu kwa miezi tisa, akamwekea umeme kooni, na kumwambia kwamba hatatoka chumbani mpaka aseme. Baada ya saa nne askari alisema. Daktari aliandika kwamba amempa dawa. Msomaji wa leo ana haki kujiuliza kama lile lilikuwa tiba au adhabu.

Si haki kusema kwamba askari wote wa kawaida walitendewa hivyo. Mwaka wa 1918 daktari Arthur Hurst aliwatibu katika chuo cha kilimo cha Seale Hayne, huko Devon, ambako walilima na kufuga, na picha za sinema zilizopigwa katika hospitali zake zaonyesha watu waliokuwa hawawezi kutembea wakishika jembe. Lakini fikira ya jumla ilikuwa kwamba ofisa ana akili nyepesi ya kuumia, na askari wa chini ana akili nzito. Hata Rivers, pamoja na wema wake, aliamini kwamba maofisa huugua kwa namna moja na askari wa chini kwa namna nyingine kwa sababu ya tofauti ya malezi na elimu zao. Hivyo cheo kiliingia hata katika kupima maumivu.

Vita ilipokwisha, ugonjwa haukuisha. Mwaka wa 1921 watu wapatao 65,000 nchini Uingereza walikuwa bado wakipokea pensheni kwa ajili ya maradhi hayo. Silaha ziliwekwa chini mwaka wa 1918, lakini katika nyumba nyingi vita iliendelea usiku.

HABARI ZA NCHI YETU

Ikiwa askari Mwingereza wa chini alihesabiwa kuwa na akili nzito, je, Mwafrika alihesabiwa vipi? Katika vita ile ile watu wetu walichukuliwa kwa maelfu kuwa wapagazi wa jeshi katika kampeni ya kupigana na Wajerumani. Hesabu za serikali zenyewe zilikiri kwamba wapagazi wa nchi hii waliokufa walizidi 40,000, wengi wao kwa maradhi na uchovu. Jina lao limebaki Kariokor, Nairobi. Waliorudi walirudi vijijini, na kama kulikuwa na aliyeota ndoto mbaya, aliyemsikiliza ni mkewe na wazee wa ukoo.

Hospitali ya wagonjwa wa akili ilikuwapo Nairobi tangu mwaka wa 1910, katika mahali palipokuwa pametumiwa kuwatenga wagonjwa wa ndui, na mwaka wa 1924 ikapewa jina la Mathari. Kusudi lake la kwanza lilikuwa kuwafungia watu kuliko kuwaponya. Katika Vita Kuu ya Pili vijana wetu wa Keya walipigana Uhabeshi, Madagaska na Burma. Mwaka wa 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliwafuata Wajapani katika bonde la Kabaw wakati wa masika makubwa, katika tope na malaria, mpaka mto Chindwin. Mwaka huohuo, tarehe 12 Februari, meli ya Khedive Ismail iliyotoka Mombasa ilizamishwa baharini, na watu karibu 1,300 walikufa, wengi wao askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Hakuna aliye na haki ya kudhani kwamba walioyaona mambo hayo walirudi na mioyo mitupu.

Katika miaka hiyo daktari msimamizi wa Mathari alikuwa J. C. Carothers, tangu mwaka wa 1938 hata 1950. Mwaka wa 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake kuhusu akili ya Mwafrika, ambamo alisema kwamba Mwafrika hatumii sehemu ya mbele ya ubongo kama Mzungu. Fikira hiyo imekataliwa na wataalamu. Miongoni mwa waliomjibu mapema ni daktari Mwafrika, Thomas Adeoye Lambo wa Nigeria. Naye hakujibu kwa maneno tu. Kuanzia mwaka wa 1954, huko Aro karibu na Abeokuta, aliwaweka wagonjwa katika vijiji vya jirani, kila mmoja pamoja na ndugu wa kumwangalia. Asubuhi mgonjwa hutibiwa hospitalini, kisha hurudi kijijini kufanya kazi na kuishi na watu. Lambo alionyesha kwamba ukoo waweza kuwa sehemu ya hospitali.

YALIYO JUU YETU

Majina ya ugonjwa yamebadilika mara nyingi. Katika Vita ya Pili jeshi la Uingereza lilipenda kusema ni uchovu wa vita. Mwaka wa 1980 madaktari wa Marekani, baada ya kuwaona waliorudi kutoka Vietnam, waliuandika katika orodha yao rasmi ya maradhi kuwa ni ugonjwa unaofuata mshtuko mkubwa. Twaweza kuuita kiwewe cha vita. Jina si kitu. Kilicho kikubwa ni kwamba tangu hapo hakuna daktari mwenye elimu anayeweza kusema kwamba haupo.

Nasi jambo hili si la ng'ambo tu. Tangu Oktoba 2011 vijana wa Kenya wamepelekwa Somalia, na tarehe 15 Januari 2016 kambi yao ya El Adde ilishambuliwa, na wengi wakauawa. Waliosalimika wamo katika familia zetu. Kwa hiyo twaomba wanachama na wazee wayapime mashauri haya.

Kwanza, kijana aliyerudi kutoka vitani asiitwe mwoga wala mvivu. Habari za Farr zatosha kutuonya.

Pili, asiambiwe asahau, wala asilazimishwe kusema. Apatikane mzee mmoja mwenye subira wa kukaa naye, hata kama siku za kwanza watakaa kimya wote wawili.

Tatu, apewe kazi anayoiweza kati ya watu, kama walivyofanya Brock na Hurst, maana upweke hulisha ugonjwa.

Nne, apelekwe hospitali mapema, na ndugu amsindikize. Ugonjwa ukiachwa mpaka uwe fujo, hospitali hugeuka kuwa mahali pa kufungia watu. Naye akisema maneno ya kutaka kufa, asiachwe peke yake hata saa moja, apelekwe siku hiyohiyo.

Tano, mfuko wetu uuhesabu ugonjwa huu sawa na kuvunjika mguu, na nauli ya kwenda na kurudi hospitali ilipwe pasipo kumfanyia mgonjwa kesi kwanza.

Shauri hili la tano litahitaji kura katika Mkutano Mkuu. Twajua fedha zetu ni chache, nasi hatuombi majumba. Twaomba kwamba mtoto wa mwanachama akigonga mlango wa Chama usiku, hata kama hana jeraha la kuonyesha, aulizwe kwanza kama amekula na kama amelala, na maswali mengine yangoje asubuhi.